Pindo la Vidole Vinne

Kiwanda cha sare kilipofunguliwa nje ya mji, cherehani yangu ya kukanyaga ilikaa barazani kwangu, mtaa wa Chemchem, mwezi mzima bila kuguswa. Miaka thelathini na moja nimewashonea watoto wa mtaa ule. Sasa wazazi wananunua sare zilizokunjwa kwenye nailoni. Basi nami nikaenda huko huko kuomba kazi, maana Levina, mjukuu wangu, yuko darasa la nne na hana mwingine ila mimi.

Wakanipa siku saba za majaribio. Mimi nimezoea kukata mwenyewe, kuunga, kutia zipu, mpaka sketi inakamilika mkononi mwangu. Kule sketi moja inapita kwa watu tisa. Mimi nikapewa pindo. Pindo tu, toka asubuhi hadi saa kumi. Na mashine ya umeme haisubiri mguu, ukiigusa imeshakimbia. Shingo ikaniuma, macho yakawa kama yametiwa mchanga.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, akaja Twalibu na sketi mkononi. Ndiye msimamizi wetu, mtoto wa Batuli, jirani yangu wa zamani.

"Shikamoo, Bibi Eustadia."

"Marahaba, baba."

"Bibi, sketi gani hizi zinaishia juu ya goti? Watoto wanaenda shule au wanaenda kucheza mpira?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Nikaitazama. Siku sita nilikuwa napima pindo kwa kadi waliyonipa, yenye upana wa kidole kimoja. Siku hiyo uchovu ulinisahaulisha kadi, mkono ukakunja wenyewe vidole vinne, kama ulivyokunja tangu ujana wangu.

"Ziko ngapi?" akauliza Twalibu.

"Arobaini na nane," nikajibu. Kisha nikasema, "Kitendawili!"

"Jamani, Bibi, tuko kazini!"

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nikirefuka, nguo yangu inarefuka nami."

"Nyoka!" akadakia Ibtisam, binti wa kutia zipu.

"Nyoka huvua gamba, mwanangu."

Twalibu akakuna kichwa. "Nimeshindwa. Chukua mji, chukua Igunga."

"Igunga nilikwenda, nikala wali nikashiba. Jibu ni sketi yenye pindo la vidole vinne. Kila Januari mama anafumua kidole kimoja, na mtoto anavaa miaka minne. Mwambie bosi wako mkate kitambaa kirefu zaidi kidogo."

Twalibu hakucheka. Akachuchumaa karibu na mashine yangu.

"Bibi, suruali yangu ya darasa la tano uliishona wewe. Ukifumua pindo, mstari wa zamani unabaki, hautoki kwa sabuni wala kwa pasi. Wenzangu walikuwa wanaihesabu. 'Huyu ana mistari miwili, kwao wamefulia, hawana hela!' Mwaka mzima nimekunja miguu chini ya dawati."

Miaka yote ile akina mama walinishukuru kwa lile pindo. Watoto sikuwahi kuwauliza.

"Fumua zote," akasema taratibu. "Zikiwa tayari kabla ya saa kumi, mimi sijaona kitu. Zisipokuwa tayari, Bibi, hata mimi sitaweza kukutetea."

Mshono wa kiwanda ni mdogo kama nyayo za sisimizi. Hauvutiki uzi ukatoka wote. Nikafumua kwa wembe, sketi baada ya sketi, nikakunja upya kwa kadi. Saa ya chakula Ibtisam akabaki na mimi bila kuambiwa, akafumua kumi na mbili. Vidole vyangu vilikufa ganzi. Saa kumi kasorobo, sketi ya mwisho ikatoka kwenye mashine.

Twalibu akapima tatu nne kwa kadi. "Uje kesho saa moja na nusu, Bibi. Nakuhamishia kwenye mifuko."

Mfuko hauna pindo la kusubiri mwakani. Nikaitikia, nikachukua kanga yangu.

Nyumbani nikamkuta Levina barazani anamenya viazi vitamu, bado amevaa sare. Sketi niliyomshonea mwenyewe. Chini yake ile mistari, miwili, mmoja juu ya mwenzake.

"Levina, shuleni wanakucheka kwa mistari hiyo?"

Akalisogeza beseni la viazi mapajani, likaifunika ile mistari.

"Kidogo tu, Bibi. Umechoka, kaa nikuletee maji."

Nikakaa.