Fimbo ya Fundi Cherehani

Mke wa fundi cherehani alikuwa muuguzi wa serikali, akafariki wiki ileile aliyojifungua. Fundi akabaki na katoto ka kike kasikolala mpaka kabebwe. Sasa niambie, utakanyagaje cherehani na mtoto kifuani? Tajiri wake alimwambia dukani si mahali pa kulelea, na kazi ikaota mbawa.

Tegemeo likabaki mafao ya marehemu. Lakini sheria, ambayo bila shaka iliandikwa na watu wasiowahi kubadilisha nepi, ilisema mke akifiwa alipwe, mume akifiwa asilipwe, labda awe hajiwezi. Mama mkwe, mwanamke asiye na masihara, akasema mafao yakikosekana atamchukua mjukuu akamlee kwake, mbali huko. Begi la mtoto akalifunga kabisa, akaliweka mlangoni. Fundi kila akilipita moyo ulimlipuka.

Shemeji yake akamshauri aende ofisi ya mafao na fimbo, achechemee kidogo. Akaenda. Alichechemea vizuri tu, hata mlinzi akamwonea huruma. Karani, mtu mnene na mpole, akainuka kumvutia kiti, na hapo fundi akaliona pindo la suruali yake: limefumuka, limebanwa kwa pini za stepla. Jamani, fundi ni fundi! Fimbo ikaenda chini, yeye akachuchumaa chap, akaanza kulipima pindo kwa vidole huku akiuliza ni nani aliyemfanyia uhuni ule.

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Karani peke yake hakucheka. Akamvuta pembeni, akamwambia taratibu, "Mguu wako mzima, fundi. Kibovu ni kifungu cha sheria. Usikidanganye, kishtaki."

Akamwelekeza kwa wakili mmoja, mama mwenye maneno machache, ambaye aliifungua kesi bila kumdai kitu. Mungu ambariki mama yule, na karani naye, ambaye tangu siku hiyo suruali zake hushonwa bure.

Mahakamani upande wa serikali ulidai kwamba mwanamume ana mikono, afanye kazi. Wakili akajibu kwamba katiba inakataza kumbagua mtu kwa jinsia yake. Kisha akamwita mama mkwe atoe ushahidi, na fundi akalikumbuka lile begi la mlangoni.

"Binti yangu alikesha wodini sawa na wauguzi wanaume," mama mkwe alisema. "Mshahara wake ulikatwa mchango wa mafao sawa na wao. Wao wakifa, watoto wao wanalelewa na mama zao. Wangu kafa, mtoto wake mnamnyima baba. Jasho lake lilipungua nini?"

Jaji akatamka kwamba kifungu kile ni ubaguzi, na fundi alipwe kama anavyolipwa mwanamke aliyefiwa. Fundi akalia mbele za watu, wala hakuona haya. Alimshukuru mkewe, ambaye hata kaburini alikuwa bado anawatunza.

Nyumbani alianza kumshukuru mama mkwe. Mama mkwe hakungoja amalize. Alilifungua begi, akazitoa nguo za mtoto moja moja, akazirudisha kabatini. Halafu akamtupia fundi begi tupu.

"Mkanda umeachia," akasema. "Nishonee. Kesho naondoka nalo, nataka kutia nguo zangu."