Madrina Haandikwi Shangazi

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, na nafasi iliyomshinda Eliseo Barrientos haikuzidi urefu wa kidole. Uhusiano wako na mgonjwa.

"Andika shangazi," Yadira alimwambia. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za ofisi ya mkuu wa masomo, jua la Fresno likiwaka juu yao. Yadira alikuwa rafiki yake tangu mwaka wa kwanza na hakujua kubembeleza. "Shangazi, mama mdogo, bibi, chagua mwenyewe. Nani atakwenda kupima damu?"

"Si shangazi yangu."

"Mungu wangu! Kichwa kigumu kama ukwato wa punda."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Asubuhi ya mtihani wa mwisho wa kemia, Doña Refugio, aliyemlea Eliseo, alianguka kiwandani, mbele ya mkanda wa kupangia machungwa. Sukari. Daktari hakujua Kihispania, na mkalimani wa hospitali alikuwa "njiani" mpaka saa nane mchana. Eliseo akasimama kando ya kitanda kwa saa tano nzima, akigeuza maneno huku na huku, kama alivyokuwa akifanya benki na kwa mwenye nyumba tangu utotoni. Sukari ikashuka. Mtihani ukampita.

Kanuni ya chuo iliruhusu kurudia mtihani kwa aliyeuguza jamaa wa damu. Bila mtihani hakuna kemia, na bila kemia hakuna mahafali ya Mei. Doña Refugio alikwisha kumdarizia skafu ya kuvaa juu ya joho: upande mmoja jina lake, upande wa pili "Mei" na mwaka.

Akaitwa ndani. Watu watatu mezani. Mwenyekiti, Profesa Whitlock, alikuwa mzee mpole mwenye miwani ya kuning'inia.

"Bwana Barrientos, huyu Bi. Refugio ni nani wako?"

"Ni madrina yangu. Ndiye aliyenishika kwenye maji ya ubatizo."

"Aha. Mambo ya sherehe ya kanisani."

"Mambo ya kiapo, Profesa. Aliapa kwamba mama yangu akikosekana, yeye yupo. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama hakuwa na vibali, serikali ikampandisha basi mpaka mpakani. Jioni ile ile Doña Refugio alikuja na mfuko mtupu. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alisema, 'Kunja mashati yako, twende.'"

Profesa akakohoa, akaisukuma fomu mbele pamoja na kalamu. "Sisi si wakali, kijana. Ukiandika shangazi, sitaomba cheti. Yamekwisha, unafanya mtihani kesho."

Eliseo akaishika kalamu. Akaiona akilini ile skafu. Akamwona mama yake kule Michoacán, ng'ambo ya mpaka, simu mkononi, akingoja kutazama mwanawe akivuka jukwaa. Neno moja tu, na nani angelilia neno moja?

Akaandika MADRINA, kwa herufi kubwa zilizovuka mistari ya nafasi ile.

"Unajua unachofanya?"

"Najua. Shangazi angekuja kwa huruma. Huyu alikuja kwa sababu aliapa. Nikimwita shangazi ili nipite, nimemfuta kwa mkono wangu mwenyewe. Kama kanuni yenu haimjui, basi ikae darasani na sisi, isome."

Wakapiga kura. Mama mmoja wa mwisho wa meza aliinua mkono kwa ajili yake, akaushusha peke yake. Arudie somo muhula ujao.

"Nitarudia," Eliseo akasema, na hakuinamisha kichwa mpaka mlango ulipofungwa nyuma yake.

Yadira alipomwona uso, hakuuliza. Alitukana kwanza, akaipiga ngazi teke, akaumia kidole. Kisha akasema, "Nakala ya fomu unayo? Nipe. Nawajua wengine sita walioandikishwa uongo hapo. Safari hii tutaingia wote."

Nyumbani, Doña Refugio alimsikiliza akiwa amekaa kitini, pamba ikiwa bado kwenye kidole alichojichoma kupima sukari.

"Walikupa kalamu, wakakupa na neno la kuandika, nawe ukakataa?"

"Nilikataa, madrina."

"Mjinga." Akaitoa pamba kidoleni, akaitupa. "Mjinga wangu mimi."

Akaivuta skafu kutoka kabatini, akatafuta mkasi mdogo, akaanza kuifumua "Mei" uzi kwa uzi, midomo ameikaza.

"Desemba ina herufi nyingi, uzi hautatosha. Nenda kanunue mwekundu, na ole wako uniletee ule unaochuja rangi." Alikata uzi mwingine. "Na hata hivyo, Mei wageni ningewalisha nini? Desemba kuna tamale za mahindi za Krismasi. Haya, nenda! Ukirudi, nataka kukuona na kitabu cha kemia."