Kizibo Juu

"Useme wiski hii inafanana na ya baba yako, Mama Verlene. Hayo tu," meneja Dwight alimnong'oneza, akiipangusa meza ambayo Verlene alikwisha kuipangusa. "Huyu mwandishi akiiponda gazetini, wakubwa wanalibandua jina la mzee kwenye chupa. Tumeelewana?"

Verlene Tungate alikausha mikono. Mwaka wa sita sasa alikuwa akiosha glasi za wageni waliokuja kuonja wiski yenye jina la Orbie Tungate, marehemu baba yake. Kiwanda cha mzee mwenyewe kilifungwa zamani, Verlene akiwa na miaka kumi na tisa, na Kentucky nzima ikamsahau. Kisha kampuni ikaja kununua jina. Wiski ya kutia chupani ikanunuliwa jimbo jingine. Picha ya mzee waliitundika kila ukuta. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini Verlene hakulalamika. Walau alimwona baba yake kila asubuhi.

Wiski yenyewe alikuwa hajawahi kuionja. Aliogopa.

Mwandishi, Bwana Pruett, alimsogezea glasi. "Onja, mama. Mjuzi ni wewe, mimi mpiga domo tu."

Akanywa. Nzuri, tena nzuri sana. Akanywa tena, akiitafuta ile ya baba, ile aliyolambishwa kwenye ncha ya kidole Jumapili baada ya kanisa. Hakuipata, hata kichwani mwake. Akaisukuma glasi.

"Ni nzuri. Lakini siyo yake."

Dwight akakohoa. "Mama huyu kwa mizaha!"

"Yake ilikuwaje?" Pruett aliuliza.

"Nimeisahau, mwanangu."

Aliona aibu kumwacha mgeni mikono mitupu. Akaenda mlangoni, kwenye pipa tupu lililolazwa juu ya reli mbili za kubingirishia mapipa, zilizotoka ghala la zamani, ili watu wapige picha.

"Kizibo hiki cha ubavuni lazima kifike kikiwa juu," alisema, "la sivyo pipa litavuja miaka yote. Na ukishalisukuma, huna pa kuligeuzia."

Akaupima urefu wa reli kwa jicho, akalizungusha pipa kidogo, kizibo kikatazama dirisha, akalisukuma. Lilibingirika likinguruma mpaka mwisho, likasimama. Kizibo juu kabisa.

"Loo! Nani kakufundisha?" Pruett alisema, kalamu mkononi.

Verlene hakumsikia. Alikuwa bado ameinama, mikono mbele, akitazama ule mwisho wa reli, pale baba yake alipozoea kusimama enzi zile kumpokelea pipa.