Kivuko cha Saa Kumi na Moja na Nusu

Ndugu yangu Berend ana miaka hamsini na mbili na akili zake zote, lakini mpe baiskeli na kamera siku moja tu, utatamani umsukumie mtoni, yeye na kamera yake. Nasema hivi nikiwa nampenda. Siku ile sikumpenda.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya likizo ya kiangazi. Kwetu siku hiyo haipangiwi kitu kingine. Inaandikwa kwenye kalenda ya jikoni tangu Januari: kuzunguka mto na Mama. Kilomita arobaini kwa baiskeli. Unashuka na upande mmoja wa mto IJssel, unavuka kwa kivuko kidogo cha baiskeli, unarudi na upande wa pili. Njia nzima ina vibao vya namba vya kuwaelekeza waendesha baiskeli, na mimi nilikuwa nimeziandika namba zote kwenye kipande cha karatasi nikakibandika kwenye usukani, na kila namba na saa yake. Saa tatu kuondoka. Saa nne na nusu kahawa, biskuti moja moja. Saa saba mikate ya jibini, kwenye benchi la kanisani. Saa kumi na moja kasorobo tuwe kivukoni, tuvuke kwa raha, maana cha mwisho huondoka saa kumi na moja na nusu. Ukikikosa hicho, zunguka hadi darajani, kilomita ishirini na mbili za ziada.

Na mwaka huu kulikuwa na jambo. Mama ana miaka themanini na moja, anaishi peke yake kwenye nyumba ya ghorofa yenye ngazi nyembamba zilizosimama wima kama za kupandia darini. Miaka miwili nimehangaika kumtafutia nafasi kwenye makazi ya wazee karibu na kwangu. Nafasi imepatikana, barua inataka jibu Jumatatu. Mama akasema, kwa ile sauti yake ya kufunga mjadala, "Nikishindwa kuzunguka mto kwa miguu yangu mwenyewe, nitatia sahihi. Nikimaliza, niacheni na ngazi zangu." Baiskeli ya umeme hataki hata kuiona. Anaiita pikipiki ya waoga.

Fomu ya makazi hayo nilikuwa nayo mkobani, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kalamu. Mbili, moja isije ikagoma.

Basi tukaondoka saa tatu na dakika nne. Dakika nne hizo Berend alikuwa anatafuta betri.

Hatujafika kibao cha pili, Berend akashika breki. "Simameni! Korongo!"

"Yuko wapi?"

"Kaondoka. Lakini atarudi, tumsubiri kidogo."

Tukamsubiri korongo. Hakurudi, na kwa nini arudi, ana kazi zake. Tukapanda tena. Kilomita tatu mbele, breki. Mwanga. Ati mwanga umeangukia vizuri kwenye geti la malisho. Geti la bati, jamani, lenye kinyesi cha ng'ombe! Akapiga magoti kwenye majani, akafumba jicho moja, akavuta pumzi, akalipiga picha geti kama bibi harusi.

"Berend," nikamwambia, "kuna mageti mia tano kati ya hapa na nyumbani. Yote utayapiga?"

"Mazuri tu, dada."

"Mwache mwenzio," Mama akasema. Alikuwa ameshuka, ameegemea baiskeli yake nyeusi ya zamani, anatazama ng'ombe. "Likizo hii, Tineke. Si zamu ya kazini."

Kahawa tuliinywa saa tano na robo. Saa tano na robo! Saa hiyo watu wenye akili timamu wanaanza kufikiria chakula cha mchana. Nikazifuta saa zangu zote kwa kalamu, nikaandika mpya. Berend akazivuruga na hizo pia. Alisimama kwa ajili ya bata. Akasimama kwa ajili ya gurudumu la trekta. Akasimama kwa ajili ya wingu, na mbingu ilikuwa imejaa mawingu, si angelipiga hata akiwa anaendesha! Fenna, binti yangu wa miaka kumi na minne, alikuwa nyuma kabisa na bibi yake, na kila tukisimama naye anashuka bila neno. Mtoto huyu huyu nyumbani ukimwambia asubiri dakika mbili anapumua kama treni.

"Mbona humwambii kitu mjomba wako?" nikamuuliza.

"Aa, mama, tulia. Picha zake nzuri."

"Umeziona?"

"Bado."

Nielewe vizuri: sikumwombea Mama ashindwe. Nilitaka ashinde kwa haki au ashindwe kwa haki, si kwa sababu ya bata. Maana tukikosa kivuko, kilomita ishirini na mbili juu ya arobaini hamalizi, na hapo nitamtolea fomu kwa sura gani? Nikaanza kukanyaga pedeli kwa hasira, nikifika mbali nawasubiri, wakifika naondoka tena.

Saa kumi na moja na dakika ishirini nikakiona kivuko kutoka juu ya tuta. Nikashuka mbio hadi ukingoni. Nahodha, mzee mmoja mwenye kofia, wale wa kujitolea mwishoni mwa wiki, alikuwa amekwisha kutazama saa yake.

"Tuko wanne," nikamwambia. "Wengine wanakuja."

"Saa kumi na moja na nusu ni saa kumi na moja na nusu, mama," akasema. Ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo.

Berend akafika peke yake, anatoka jasho. Nikamtazama, ikanipanda. "Lete hiyo kamera," nikasema. "Lete nione huo uzuri uliotutesea siku nzima." Nikaichomoa shingoni mwake kabla hajajibu, nikaanza kuzitazama.

Geti, kipande chake. Majani. Kiatu cha Berend. Giza tupu, kifuniko cha lenzi hakikutolewa. Giza tena. Majani mengine. Kiatu tena, cha kushoto.

"Berend! Hivi ni vitu gani?"

Akapangusa uso kwa mkono wa shati. Akatazama nyuma, tutani, kisha akasema polepole, "Mama hawezi kwenda zaidi ya kilomita tatu bila kupumzika. Nikimwona anashika kiuno, natafuta ndege."

"Na mimi? Ungeniambia mimi!"

"Wewe ungetoa fomu, dada."

Kweli. Ningeitoa. Nilikuwa nimeshaipangia hata benchi. Niliona aibu, na hasira haikuniacha, nikawa navyo vyote viwili pale ukingoni na kamera mkononi. Siku nzima nimekazana kutazama saa, na mama yangu anashika kiuno nyuma yangu.

Juu ya tuta wakatokea Fenna na Mama. Mama alikuwa anashuka taratibu, mgongo wima, anakanyaga. Nyuma yangu kengele ya kivuko ikalia. "Tunaondoka!" nahodha akaita.

Nikaisukuma baiskeli yangu hadi katikati ya ubao wa kupandia kivukoni, nikaiegesha hapo, ikaziba njia yote. Nikainua kamera.

"Toa baiskeli, mama!" nahodha akanifokea.

"Dakika moja tu, mzee wangu. Mwanga."

"Mwanga gani?"

"Huu hapa. Umeanguka vizuri." Nikapiga magoti. Abiria wawili wakaguna, mmoja akasema watu wengine hawana haya. Nikapiga picha kofia ya nahodha. Nikapiga mto. Saa kumi na moja na dakika thelathini na tatu Mama akafika, akashuka, akaomba radhi kwa kila mtu kivukoni, kisha akanigeukia mbele yao wote.

"Tineke! Huoni aibu kuwachelewesha watu?"

"Samahani, Mama."

Ng'ambo ya pili zilibaki kilomita kumi na nane, na picha tulizopiga huko hazihesabiki. Mara mbili ni mimi niliyesimamisha msafara. Saa mbili usiku kukiwa bado mchana kweupe, maana kiangazi kwetu jua huchelewa kuzama, Mama akaliegemeza gurudumu la mbele kwenye ukuta wa nyumba yake. Arobaini zote, kwa miguu yake. Akakaa kwenye kizingiti, akavua viatu. Akazitazama ngazi kupitia mlango uliokuwa wazi, akazitazama muda mrefu.

"Lete hiyo fomu," akasema.

"Mama, umemaliza. Tulikubaliana."

"Ndiyo, nimemaliza. Sikushindwa. Sasa naweza kuamua mwenyewe. Kalamu."

Miaka miwili nimeisubiri sahihi ile, na sasa mkono wangu ulikuwa umeung'ang'ania mkoba. "Tufanye kesho," nikasema. "Au Jumatatu. Hakuna haraka."

Mama akaninyooshea mkono, bila kuushusha, huku akimtafuta kaka yangu kwa macho.

"Berend! Umemsikia Tineke? Kasema hakuna haraka. Haya, safari hii toa kifuniko, mpige picha."