Siku Ofisi Ilipopendeza Kupita Kiasi

Tone la kwanza lilianguka ndani ya beseni kabla ya adhana. To. Kisha kimya. Kisha to, to, to. Kwetu Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, maji ya bomba huja usiku mkubwa na kuondoka kabla ya jua, kwa hiyo bomba huachwa wazi na beseni chini yake, ili mwenye usingizi mwepesi asikie. Mwenye usingizi mwepesi ni mimi.

Nilipotoka uani nilikuta ndoo zangu zimeshapangwa. Elisée alikuwa amenitangulia, kama kila siku, na kama kila siku alijifanya amepita tu. Kijana huyu amepanga vyumba viwili vya mbele vya nyumba yangu, na mlangoni ametundika kibao: Kituo cha Utafiti wa Uhamaji. Ndani wapo yeye na Deborah, binti wa Kipushi. Deborah huzunguka nyumba kwa nyumba akiuliza nani amehama, ameenda wapi, anatuma nini nyumbani, anakosa nini huko aliko. Hawauzi kitu wala hawatafuti faida. Wanaishi kwa msaada wa mfadhili wa mbali, anayetuma pesa kwa awamu mbili.

Awamu ya pili ilikuwa imekwama. Siku hiyo mtu wa hesabu wa mfadhili alikuwa anakuja kwa ndege kutoka Nairobi kuangalia matumizi. Akiridhika, kazi itaendelea. Asiporidhika, Elisée atashusha kibao chake na Deborah atarudi kwao. Tangu mvua zianze hawakuwa wamepata mshahara, na bado Elisée hakuacha kuniletea sukari.

"Kambo, hukulala?" akaniuliza. Kambo ni bibi, na njo ni ndio, kwa lugha ya mji wetu.

"Weye njo hukulala," nikamwambia. "Hiyo shati unaipiga pasi mara ngapi?"

"Mara tatu. Iko moja tu, kambo."

Hapo akaingia Mama Bijou, jirani yangu wa ukuta, na ndoo zake mbili. Mama Bijou ana sauti kubwa, na moyo mkubwa kuliko sauti. Alisikia habari ya mgeni, akachungulia ofisini. Palikuwa na meza moja na viti viwili vya plastiki. Mguu wa kiti kimoja ulikuwa umefungwa kwa waya.

"Mugeni anatoka na ndege, na utamukalisha pa hii?" akasema. "Ataanguka! Ataenda kusema, Lubumbashi banatupa bageni chini."

"Mama Bijou, ni ofisi," Elisée akajitetea. "Anakuya kuangalia hesabu, apana kulala."

"Hesabu inaangaliwa na muntu mwenye kukaa muzuri. Minaleta salon yangu." Salon ni yale makochi ya sebuleni, fahari ya kila mama mwenye nayo. "Lakini saa tisa bakwe banakuya juu ya mahari ya binti yangu Bijou. Mbele ya ile saa, irudie kwangu."

"Saa nne mugeni atakuwa hapa, na saa sita atakuwa amemaliza," Elisée alisema. Kwa maneno hayo alikuwa amekwisha kukubali bila kujua.

Aliniangalia nimsaidie. Ningeweza. Lakini kwetu mgeni akija, chombo kizuri cha mtaa mzima ni cha nyumba anayofikia. Na kuna jambo la pili, ambalo hata mtoto analijua: cha kuazima hakitajwi mbele ya mgeni. Kumwambia mtu kiti alichokalia ni cha jirani ni kumwambia asimame. Basi badala ya kumsaidia Elisée nikaingia ndani kufungua sanduku la mapazia yangu mazuri.

Kazi ikaanza. Ndugu zake Mama Bijou wanne walileta kochi kubwa wakitukana ngazi na wakiomba radhi kwangu kwa kila tusi. Mshonaji Djafari, wa ng'ambo ya barabara, alileta zulia. Lilikuwa nene hata mlango ukakataa kufunguka, ikabidi tuung'oe na kuuegemeza chooni. Mwansa, anayeuza vinywaji pale njiani, alileta friji lake likiwa limejaa soda, maana hakutaka zipate joto. Lilipowashwa, taa ya nyumba nzima ikafifia. Hakuna aliyeulizwa mara mbili. Djafari alikuwa na nguo za watu za kumaliza siku hiyo, lakini alipiga magoti akalinyoosha zulia kwa viganja, pembe baada ya pembe.

Deborah alipofika aliingia, akatoka, akasoma kibao, akaingia tena.

"Iko kwetu?" akauliza.

Saa nne ilifika, mgeni hakufika. Ndege ilikuwa imechelewa. Saa sita bado tulikuwa tunamtazama Elisée akifuta vumbi ambalo halikuwapo. Saa nane kasorobo ndipo teksi ya kutoka Luano, uwanja wa ndege, ikasimama mlangoni, akashuka mtu mwembamba, amekumbatia mkoba wake kama mtoto mgonjwa. Jina lake Léonard. Kumbe alizaliwa Kambove, mji wa huku huku kwetu! Kiswahili chake kilikuwa kimevaa suti ya Nairobi, lakini viatu vilikuwa vya Kambove.

Tulimkalisha. Kochi la Mama Bijou likammeza hata magoti yakawa sawa na kidevu. Deborah akampa soda baridi. Akanywa, akashukuru, akatazama zulia. Akatazama friji. Akatazama mapazia. Kadiri alivyotazama, uso wake ulizidi kuwa mrefu. Akatoa karatasi za hesabu kwenye mkoba.

"Monsieur Elisée," akasema kwa upole, "hapa mmeandika meza moja na viti viwili vya plastiki. Kuna usafiri wa Deborah, kuna simu, kuna karatasi. Sioni salon. Sioni friji. Hili zulia peke yake linashinda usafiri wa Deborah wa mwaka mzima."

"Ni kweli, papa."

"Ni kweli nini?"

"Ni kweli haiko mule."

Jasho lilianza kumtoka Elisée na kuingia katika shati lililopigwa pasi mara tatu. Aliniangalia. Mimi nikaangalia pazia. Angesema nini? Mgeni alikuwa amekaa, tena amekaa hasa.

"Na jambo la pili," Léonard akaendelea. "Avenue hii yote mmeuliza nani amehama, na nyumba zote zimejibu hakuna. Zote! Kama hakuna anayehama, kituo hiki kinatafiti nini?"

Hilo nalo nililijua, maana na mimi nilimjibu Deborah vilevile. Mwanangu Amadi yuko Muscat. Mtoto wake wa kwanza sasa ana ndevu. Lakini Amadi hakuhama, ametoka tu. Mama hasemi mwanawe amehama. Ukilitamka, ni kama umemfungia mlango.

Léonard alirudisha karatasi mkobani, polepole, kama mtu asiyependa anachofanya. "Itabidi niandike nilichokiona," akasema. "Pesa haitaweza kutoka."

Deborah aliinamisha kichwa. Hapo, kwa kuwa mlango ulikuwa chooni, Mwansa aliingia bila kubisha.

"Pardon, papa." Akafungua friji, akachukua soda tatu, akatoka.

Baada ya muda mfupi akarudi. "Pardon tena." Soda nne.

Aliporudi mara nyingine, Léonard akamsimamisha. "Mama, unafanya kazi hapa?"

"Miye? Minauzisha sucré pale njiani. Bantu ba mahari banaanza kufika, bako na kiu."

"Na unachukua katika friji ya ofisi?"

"Ofisi gani? Friji iko yangu!" Mwansa aliweka chupa chini ili apate mikono ya kusemea. "Yaya yangu, ndugu mukubwa, njo aliituma, kutoka Durban. Kule anaosha bazee ba bantu, usiku na muchana. Aliipakiza mu lori, ikakaa pa mupaka wa Kasumbalesa mpaka tukasema imeolewa kule. Mama yetu alipokufa hakufika, papa. Alilia mu simu. Tulimuwekea simu karibu na jeneza."

Léonard alilitazama friji upya. Kisha Deborah akasema taratibu, "Mama Mwansa, mwezi uliopita nilikuuliza kama kuko mwenye alihama. Ulisema hakuna."

"Njo hakuna! Nani alihama? Iko Durban tu."

Deborah akatoa kalamu. Kabla hajaandika neno, sauti ya Mama Bijou ikatangulia nje, na yeye mwenyewe akafuata na kaka zake wanne, amevaa kitenge kipya, kilemba kimelegea.

"Papa, pardon muzuri, simama kidogo. Bakwe bako pa kona!"

Léonard akajaribu kusimama. Kochi likakataa. Nikamshika mkono mmoja, Deborah wa pili, tukamtoa kama muhogo. Wanaume wakainua.

"Na hii imetoka wapi?" Léonard akauliza, mkoba kifuani.

"Ya mwanangu Mumba, wa Ndola!" Mama Bijou alijibu akirudi kinyumenyume, ameshika pembe ya kochi. "Anachomelea malori! Alinunua mbele ya kununua kitanda yake! Nilimuambia, Mumba, lala kwanza! Akasema, mama, wewe kaa kwanza, miye nitalala kisha!"

Alikuwa ameshafika uani na bado anasema. Deborah alimfuata, daftari lake ameliweka juu ya mkono wa kochi, akiandika huku kochi linatembea. Wakatoka hivyo hadi barabarani, kochi, wanaume, Mama Bijou na Deborah, na bakwe pale kona wakasimama kupisha wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Djafari alipoona kochi linapita, akajua mambo yamekwisha. Akaja mbio, sentimita yake ya kupimia nguo shingoni.

"Samahani, mzee, inua miguu." Akaanza kukunja zulia.

"Na hili?" Léonard akauliza, akisimama kwa mguu mmoja.

"La kaka, Dar es Salaam. Kila mwaka anasema anakuja, na kila mwaka kinakuja kitu." Djafari alikunja akafika ukutani. "Nina mazulia matatu, mzee. Kaka sina."

Friji likatoka la mwisho, Mwansa akilifuata na kulisihi lisitikisike. Taa ikarudi kung'aa. Katika chumba tulibaki Elisée, mimi na mgeni.

Léonard alizungusha macho. Akafungua mkoba, akatoa zile karatasi. "Meza moja," akasoma, akaitazama meza. "Viti viwili vya plastiki." Akavitazama viti. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kikubwa kuliko mwili wake.

Alivuta kiti. "Papa, kaa pa ingine," Elisée akamwahi. "Ile iko na waya." Lakini Léonard alikwisha kukaa kwenye cha waya, na kikamvumilia.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umekaa, papa."

Léonard akavua miwani, akaifuta. "Kambove nako iko vile," akasema. "Nilikuwa nimesahau."

Deborah alirudi akihema, daftari limejaa, mkono umejaa wino. Léonard akanionyesha dirisha. "Na haya mapazia, kambo? Nayo yanaenda?"

"Hayaendi. Ni yangu. Ya Amadi."

"Amadi iko wapi?"

"Muscat."

Deborah alikuwa na kalamu mkononi. Angeweza kuniuliza mbele ya mkubwa wake, na siku ile kila jibu lilikuwa msaada kwake. Hakuniuliza. Aliilaza kalamu mezani, akageuka kama anayetafuta kitu dirishani. Wema wa namna hiyo haupigi kelele, lakini mimi niliusikia.

"Andika, mwanangu," nikamwambia. "Amehama." Na aliposhika kalamu nikaongeza, "Kidogo."

Aliandika. Na kidogo aliiandika pia.

Léonard alifanya kazi yake juu ya meza ile moja. Alitueleza wazi: hesabu na chumba vinafanana, na atamwandikia mfadhili atoe awamu ya pili, na mishahara iliyokwama iwe ya kwanza. Deborah akaomba ruhusa ya kurudi nyumba zote za avenue na swali jipya. Hataki tena kuuliza nani amehama. Atanyoosha kidole tu na kuuliza, hiki kilitoka wapi? Léonard akasema hilo halihitaji pesa ya ziada, na mtu wa hesabu hana sifa kubwa kuliko hiyo. Elisée alitoka uani akashika ndoo zangu, akazipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangwa.

Mama Bijou hakukubali mgeni aondoke na njaa. Léonard akapelekwa kwenye mahari, akakalishwa kwenye kochi lilelile, akapewa soda kutoka friji lilelile. Bakwe walimdhani ni mjomba wa Bijou aliyetoka Nairobi, na yeye, kwa adabu, hakuwakatalia. Walipoanza kutaja vitu vyao haraka haraka, akatoa kalamu, akauliza maswali mawili madogo kwa upole, na mbuzi mmoja akaongezeka. Mama Bijou alipiga vigelegele hadi kilemba kikaanguka.

Jioni teksi ilikuja kumrudisha Luano. Nilikuwa nimemfungia vitumbua katika karatasi, akavipakata pamoja na mkoba. Elisée na Deborah walimshika mkono. Mimi nikainama dirishani mwa gari.

"Urudi, baba," nikamwambia. "Urudi utusalimie. Lakini usitangulize habari. Salon ya Mama Bijou iko nzito."