Katika Nchi ya Walioinamisha Shingo

Jumamosi ile niliondoka kazini na shingo iliyokakamaa kama gogo, na maneno ya Mama Eliaichi yakinifuata njia nzima. Mimi ni mchapaji katika duka lake la steshenari hapa Same. Watu huleta barua na mitihani iliyoandikwa kwa mkono, nami, niliyeacha shule darasa la tano, huichapa kwenye kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya kigoda, kwa sababu meza imejaa karatasi. Siku hiyo mwalimu mmoja aliniita mara mbili nisigeuke, akalalamika kwamba nina maringo. Mama Eliaichi akasema nikiwapa tena wateja kisogo Jumatatu, atatafuta msichana mwingine. Sikumwambia kwamba shingo ilikataa kugeuka. Nilisema tu, "Sawa, Mama." Nilifika chumbani jua likiwa bado juu, nikajilaza bila kula, usingizi ukanichukua.

Nikaota nimefika katika nchi pana yenye vumbi jeupe, ambako watu wote walitembea wameinamisha vichwa, hata hakuna aliyemjua mwenzake kwa sura. Walisalimiana kwa viatu. "Hujambo, ndala za bluu?" mmoja aliniuliza, nami nikaitikia huku moyo ukilia, maana nilikuwa nimeishi hivyo mwaka mzima nisijue kuwa kuna nchi yake. Akaja mwanamke mwembamba, sauti laini kama ya shangazi, akajitambulisha kuwa ndiye Aibu. Akaniambia msichana aliyelelewa vizuri huinama, wala hasumbui watu kwa maumivu yake. Nikajibu sawa. Akaniwekea jiwe begani. Akasema anayeomba meza ana makuu. Nikajibu sawa, akaweka la pili upande wa pili, akayapangapanga yasidondoke, kwa upole kabisa. Mabega yakapanda karibu na masikio, mikono ikafa ganzi, na mbele yangu sikuona kitu isipokuwa miguu yangu mwenyewe.

Hapo nikasikia hatua za mtu asiye na haraka. Kwa kuwa sikuweza kumtazama, alichuchumaa mpaka uso wake ukakutana na wangu, nao ulikuwa uso wa kwanza kuuona katika nchi ile. Alifanana na Aibu kama pacha, lakini shingo yake ilisimama kama ya mtu aliyejitwika maji. Akasema yeye ni Staha, na kwamba dada yake amezoea kutumia jina lake.

"Nilifundishwa kuinama mbele ya wakubwa," nikamwambia.

"Ulifundishwa kuinamisha macho, mwanangu. Shingo umeiongeza mwenyewe. Na hicho kigoda si mkubwa wako."

Akanieleza taratibu, huku akilitua jiwe la kwanza: kioo cha kompyuta nikipandishe kilingane na macho, badala ya mimi kukifuata chini, nitafute kibodi ya kuchomeka pembeni, ikae usawa wa viwiko, na viwiko vikae karibu na mbavu, mabega yateremke, mgongo upate pa kuegemea, na kila baada ya muda wa kikombe cha chai kupoa, nisimame, nitembee hata hadi mlangoni. Lakini jiwe la pili lilimshinda.

"Hili halitoki kwa mkono," akasema. "Linatoka kwa kinywa chako."

Niliamka shingo ikiuma vilevile. Nikakaa kitandani peke yangu, nikaelewa kwamba hakuna mtu aliyenikatalia kitu. Sikuwahi kuomba.

Jumatatu Mama Eliaichi alipofungua mlango, nilikuwa nimesimama nje.

"Mama, mwalimu sikumringia. Shingo inaniuma, haigeuki. Naomba kompyuta ipande mezani."

Akaniuliza, "Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Mwaka mzima tumo humu wawili, umenyamaza?"

Hakuwa na hasira. Alivuta kiti, akakaa, akajishika bega la kushoto.

"Mimi ni hapa," akasema. "Tangu nikiwa fundi cherehani. Sijawahi kumwambia mtu."