Sentimita Moja ya Mshono

Katika miaka ishirini ya ushonaji, Fundi hajawahi kurudishiwa hata kifungo. Leo karatasi ya hesabu ya binti yake imerudi nyekundu juu mpaka chini, na mwalimu ameandika: akifeli tena Ijumaa, atarudia darasa.

Binti anaitwa Sindano, kwa wembamba na kwa ulimi. Amekulia chini ya meza ya kukatia, chaki ndiyo mdoli wake. Fundi mwenyewe aliacha shule katika darasa hilo hilo, na wazo la mwanawe kukwama pale pale lilimuuma vibaya.

"Nisomee la kwanza."

"Mstatili una urefu wa sentimita nane, upana tano. Tafuta mzingo. Nikaandika thelathini na nne."

Fundi akavuta kitambaa, akapiga chaki, akazungusha futi. Thelathini na nne kamili! Akaondoka na futi shingoni mpaka shuleni, amefura.

Mwalimu wa hesabu alimpokea vizuri. Ni mteja wake, na suruali yake ilikuwa bado haijakatwa.

"Nane na tano ni kumi na tatu, Fundi. Mara mbili, ishirini na sita."

"Na mshono je?"

"Mshono gani?"

"Sentimita moja kila upande! Ukikata nane kavu, ukishona inabaki sita. Atavaa nani?"

Mwalimu akaichukua karatasi, akaipitia upya swali kwa swali. Mraba wa sita ulikuwa umefanywa wa nane. Umbo la swali la nne, la tisa, la ishirini, yote yameongezewa mbili, kisha hesabu imepigwa sawasawa. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mtoto huyu hesabu anaijua. Mwambie tu umbo la kitabuni limeshashonwa."

Wiki nzima nyumba haikuwa na amani. Fundi aliuliza akikata, akipiga pasi, akitafuna.

"Mraba wa saba?"

"Ishirini na nane."

"Na mshono?"

"Limeshashonwa, baba! Niache nile."

"Limeshashonwa," Fundi naye aliitikia, mkasi ukitembea.

Ijumaa mtihani ukafanyika. Jumatatu jioni mwalimu alifika mwenyewe kwenye kibanda cha Fundi, karatasi mkononi. Kumi na tisa kwa ishirini! Fundi alilia waziwazi mbele ya wateja, akajifuta machozi kwa shati la mtu lililokuwa bado halina mikono. Sindano alimtazama kwa aibu, lakini hakuondoka ubavuni mwake.

"Karibu kiti, Mwalimu wangu!"

"Asante, nitasimama."

"Kaa bwana, leo ni furaha!"

"Fundi, siwezi kukaa."

Hapo ndipo Fundi alipoitazama ile suruali mpya, iliyochukuliwa Jumamosi. Ilikuwa imembana mwalimu mapaja mpaka anapumua kwa zamu. Fundi akaikumbuka Alhamisi, kitambaa cha suruali hiyo mezani, yeye na binti wakiitikiana.

Sindano aliinama, akapima paja la mwalimu kwa futi, akahesabu kimoyomoyo.

"Baba, hii umeikata kavu."

Mwalimu akachomoa kalamu nyekundu mfukoni kwa shida, mfuko wenyewe ukiwa haupitishi vidole viwili. Akaichora suruali alama ya kosa, kubwa, juu ya goti.

"Binti amepita," alisema. "Wewe, Fundi, utarudia."